Maswali tunayoulizwa kila siku kuhusu baskeli za fiksi

Karakana yetu ni ndogo. Tuko watu watatu, chumba kimoja na kibaraza cha nje, Ng'ambo, mjini Unguja. Tunauza baskeli za fiksi za bei nafuu na vipuri vyake. Maswali yaliyomo humu tumeulizwa dukani, kwenye simu, na mengine njiani tukiwa tumesimama na baskeli zetu. Soma kwanza, halafu njoo tuzungumze bei.

Hiyo fiksi ndiyo baskeli gani?

Panda baskeli yoyote ya kawaida, ipe mwendo, kisha acha kukanyaga. Utasikia mlio mdogo nyuma, na baskeli itaendelea yenyewe huku miguu yako imetulia. Kinacholia ni friwili. Fiksi haina friwili. Sproketi ya nyuma, yaani lile duara la meno linaloshika cheni, imefungwa moja kwa moja kwenye habu, kitovu cha gurudumu, kwa hiyo gurudumu likizunguka na pedeli zinazunguka, utake usitake. Ukikanyaga kinyumenyume baskeli inarudi nyuma. Ukiizuia miguu, gurudumu linazuilika.

Wengine wanadhani ni mtindo wa vijana wa juzi. Baskeli zote za mbio za uwanjani ni fiksi. Japani wana mashindano yao ya keirin tangu 1948, watu wanaweka dau kama wanavyofanya kwenye mbio za farasi, na baskeli zile hazina gia wala breki. Hata Tour de France haikuwaruhusu waendeshaji wake kutumia gia za kubadilisha cheni hadi 1937. Baadaye matarishi wa New York wakazichukua kwa sababu ile ile inayotuvutia sisi: hazina vitu vingi vya kuharibika.

Mbona bei yenu iko chini? Kuna kasoro gani?

Swali la haki. Baskeli ya gia ina vibadilishio viwili, waya, mikono ya kubadilishia, na rundo la sproketi nyuma. Fiksi haina hata kimoja kati ya hivyo. Fedha nyingi zinaokoka hapo kabla hatujabana chochote.

Halafu ndiyo, tunabana. Fremu zetu ni za chuma cha kawaida, nzito kidogo, na hazina jina kubwa ubavuni. Kiti ni cha bei rahisi, na kama hukipendi baada ya mwezi utabadilisha, hakitakuumiza zaidi ya makalio. Pedeli ni za kawaida. Rangi ni moja kwa kila mzigo, na mzigo uliopo ukiwa wa kijani, basi ni kijani.

Lakini kuna vitu vinne hatuvigusi: habu ya nyuma, sproketi pamoja na nati yake ya kufungia, cheni, na breki ya mbele. Fiksi ya rahisi isiyo na madhara na fiksi ya rahisi inayokutupa chini zinatofautiana kwenye vitu hivyo, na kwa macho tu zinafanana. Ukiletewa baskeli ya bei poa kuliko yetu, usitazame rangi. Igeuze juu chini, tazama habu ya nyuma. Upande wa fiksi lazima uwe na ngazi mbili za hesi: ya ndani pana, ya sproketi, ya nje nyembamba zaidi, ya nati. Ukiona ngazi moja tu, mrudishie mwenyewe kwa salama.

Kwani fundi wa mtaani kwetu hawezi kunichomelea friwili ya baskeli yangu ikawa fiksi?

Anaweza, na kazi yake haitazidi nusu saa. Usikubali.

Friwili inaingia kwenye habu kwa hesi ya kawaida, ya kukaza kwa kulia. Kila unapokanyaga kwenda mbele unazidi kuikaza, ndiyo maana haifunguki hata baada ya miaka kumi. Ukishaichomelea, mguu wako unapozuia kwa nyuma, nguvu yote inakwenda upande wa kufungua. Siku ya kwanza itashika. Ya pili itashika. Siku utakayozuia kwa nguvu kweli, yaani siku ya hatari yenyewe, friwili inalegea kwenye hesi yake, miguu inakwenda nyuma bure na gurudumu linaendelea mbele.

Nayajua haya kwa sababu baskeli yangu ya kwanza niliichomelea mwenyewe. Nilikuwa nateremka kutoka Masingini asubuhi, barabara imelowa, sikuweka breki kwa kuwa niliona breki ni ya watoto. Ikalegea katikati ya mteremko. Nilichagua mtaro badala ya daladala iliyokuwa mbele yangu. Kovu liko kwenye kiwiko, na wateja wabishi huwa nawaonesha.

Habu ya fiksi ya kweli imelitatua jambo hili kwa akili nyepesi sana. Nati ya kufungia ina hesi ya kinyume, inakazwa kwa kushoto. Sproketi ikitaka kufunguka, inaisukuma nati, na nati kwa kusukumwa upande ule inazidi kukaza. Vitu viwili vinavutana na wewe uko salama. Ndiyo sababu pia fundi asiyejua akijaribu kuifungua nati hiyo kwa kushoto anaikaza mpaka spana inapinda. Mwambie mapema.

Zina breki?

Kila baskeli inayotoka kwetu ina breki ya mbele. Wapo wanaoomba tuitoe ili ipendeze. Hatutoi, na ukiitoa nyumbani dhamana imekwisha.

Kuzuia kwa miguu ni breki ya nyuma tu, na unapopunguza mwendo uzito wako wote unahamia mbele, gurudumu la nyuma linabaki jepesi na kuburuza. Uingereza sheria inalihesabu gurudumu la nyuma la fiksi kuwa ni breki moja, na bado inataka ya pili mbele. Na cheni ikikatika au ikitoka, breki ya miguu haipo tena. Mji Mkongwe mtoto anachomoza kwenye kichochoro bila ya kupiga hodi, na Vespa nayo inachomoza bila ya honi. Kidole kimoja kwenye breki ya mbele kinatosha.

Sijawahi kupanda. Nitaanguka?

Siku ya kwanza pengine mara moja, kwa kusahau. Utataka kupumzisha miguu, na baskeli itakukumbusha. Tunauza habu ya pande mbili: upande mmoja fiksi, upande mwengine friwili. Anza na friwili wiki mbili, kisha geuza gurudumu. Wateja wetu wengine, hasa watu wazima, wamebaki upande wa friwili moja kwa moja na baskeli wanaipenda vile vile. Hatuwacheki. Lakini ukibaki huko, weka na breki ya nyuma, kwa sababu miguu haizuii tena.

Jifunzie uwanjani asubuhi au kwenye barabara tupu, usijifunzie Darajani saa sita mchana.

Nivae nini? Mimi kila siku niko na kanzu.

Hapa tunakuwa wakali kidogo. Kwenye baskeli ya kawaida nguo ikinaswa na cheni unaacha kukanyaga, unasimama, unaitoa, imechafuka basi. Kwenye fiksi huwezi kuacha kukanyaga. Gurudumu linaendelea kuvuta nguo, na nguo inakuvuta wewe. Kanzu, buibui, kanga, hata kamba ya kiatu iliyolegea, vyote ni hivyo hivyo.

Kanzu ipandishe na uifunge kiunoni, chini uwe na suruali. Suruali pana ifunge mguu wa kulia kwa mpira au kitambaa. Kina dada wanaokuja kwetu tunawashauri habu ya friwili na kifuniko cha cheni, na fremu ya bomba la juu lililoshuka, ambayo huwa tunaipata lakini si kila mzigo. Alhamdulillahi mpaka leo hatujapata habari ya mtu kuumia kwa nguo, na tungependa ibaki hivyo.

Ndara hapana. Mguu ukiteleza kwenye pedeli inayozunguka, pedeli inarudi na kukupiga ugokoni. Viatu vya kufunga, na mikanda ya miguu kwenye pedeli ukishazoea.

Meno mangapi mbele, mangapi nyuma?

Watu hununua kwa kusikia. Rafiki yake ana 48 kwa 16, na yeye anataka 48 kwa 16. Tupige hesabu kwanza.

Gawa meno ya mbele kwa ya nyuma, zidisha kwa mzingo wa tairi, ambao kwa tairi zetu ni kama mita 2.1. Baskeli zetu za Unguja zinatoka na 46 kwa 17. Hiyo ni 2.7, kwa hiyo kila mzunguko mmoja wa miguu unakupeleka kama mita 5.7. Ukikanyaga mizunguko 90 kwa dakika, mwendo wa mtu aliyezoea, unakwenda kama kilomita 31 kwa saa. Kutoka mjini mpaka Paje, njia yenye sehemu kubwa ya tambarare, inatosha kabisa hata upepo wa kusi ukikusukuma ubavuni.

Pemba ni habari nyengine. Pemba ni vilima, unapanda na kushuka, na ndugu zetu wa Chake na Wete wakichukua 46 kwa 17 wanaturudishia kwa matusi ya upole. Kwao tunaweka 42 kwa 17, mita 5.2 kwa mzunguko. Vilima utavipanda. Tatizo linahamia kwenye mteremko: ukishuka kwa kilomita 40 kwa saa miguu inatakiwa izunguke karibu mara 130 kwa dakika, na haiwezi kugoma. Ndiyo tunasema breki ya mbele, kila siku, hata ukichoka kutusikia.

Sasa kwa nini 17 na si 16? Wanaopenda kuburuza gurudumu la nyuma wasikilize. Kwa 48 kwa 16, mzunguko mmoja wa miguu ni mizunguko mitatu kamili ya gurudumu, haipungui haizidi. Kila unapofunga miguu mkao ule ule, tairi inagusa lami mahali pale pale. Utaitoboa mahali pamoja na nyengine yote ingali mpya. Kwa 46 kwa 16 mahali hapo panakuwa 8. Kwa 46 kwa 17 panakuwa 17, na tairi inaliwa sawasawa pande zote. Jino moja tu, na unaokoa tairi kadhaa kwa mwaka ikiwa wewe ni mtu wa mbwembwe.

Nina fremu ya zamani nyumbani. Mnaweza kuigeuza fiksi?

Ilete tuitazame. Tunaangalia mahali ekseli ya nyuma inapokaa. Ikiwa ni mwanya uliolala, gurudumu linaweza kusogezwa mbele na nyuma, na hivyo ndivyo cheni inavyokazwa. Mwanya ukiwa umesimama wima, gurudumu halisogei na cheni haikaziki. Zipo habu za kutatua hilo lakini zinagharimu kuliko baskeli yetu nzima.

Pili upana wa nyuma. Habu zetu ni za milimita 120. Fremu nyingi za zamani za mbio ni 126, hizo tunajazia washa, haina taabu. Fremu za zile Phoenix na Hero tunazikubali kwa nadra, siyo kwamba ni mbaya, chuma chake ni imara kuliko chetu, ila magurudumu yake ni makubwa, na breki zake za fimbo hazifiki kwenye ringi zetu. Kwa kweli ukiwa na Phoenix nzima inayotembea, ipake mafuta uendelee nayo.

Tairi na tyubu za Phoenix zinaingia?

Hapana, ingawa zote zinaitwa za inchi 28, na hapo ndipo watu wanapoliwa fedha. Tairi ya Phoenix ya 28 inakaa kwenye ringi ya kipenyo cha milimita 635. Ringi yetu ni 622. Tofauti ni milimita 13, macho hayaioni dukani, lakini ukijaza upepo tairi inaruka nje. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi. Kwetu utafute 28-622 au 32-622, namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Sisi wenyewe tunapanda 32, kwa ajili ya mashimo.

Vali tumechagua zile pana, kama za gari, ili uweze kujaza upepo kwenye kituo chochote cha mafuta au kwa fundi wa pikipiki. Wajuzi huwa wanatusimanga kwa hilo. Wao hawajapata pancha Makunduchi saa moja usiku.

Nakaa pwani. Kutu je?

Kutu itakuja, swali ni lini. Hewa ya bahari inatosha, huna haja ya kuitia baskeli majini. Na wale wanaopanda ufukweni Jambiani maji yakipwa, kwa sababu mchanga ni mgumu na picha zinatoka nzuri, wajue kwamba ile ni chumvi inayorushwa moja kwa moja kwenye cheni na gololi.

Ukitoka pwani mwagia maji ya mfereji, maji mapole, usitumie bomba la kuoshea magari kwa sababu linasukuma maji ndani ya habu. Futa kwa kitambaa kikavu. Tone moja la mafuta kwenye kila pini ya cheni, zungusha, kisha futa yote yanayoonekana nje. Mafuta yanafanya kazi ndani ya pini. Yaliyobaki nje yanakusanya mchanga na kuwa msasa. Oili chafu ya gari tuachane nayo, ndani yake mna chembe za chuma tayari.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui: bomba la kiti likiwa la aluminiamu ndani ya fremu ya chuma, na chumvi ikapenya katikati, vinashikana kama vimechomelewa. Tumewahi kukata kwa msumeno. Kila baada ya miezi mitatu litoe, lifute, lipake grisi, lirudishe. Fanya hivyo masika yakianza na masika yakiisha, angalau.

Cheni ikae vipi, na nitajuaje imekwisha?

Ikandamize katikati kwa kidole. Icheze kama sentimita moja juu na chini. Ikilegea zaidi inaweza kutoka, na ikitoka kwenye fiksi inaweza kufunga gurudumu. Ikikazika kabisa inakula gololi. Izungushe taratibu ukiipima, maana sproketi nyengine hazizunguki sawasawa na kuna mahali inakaza zaidi, pima hapo.

Kujua imekwisha, chukua rula ya skuli ya inchi 12. Cheni mpya ukipima kutoka pini moja, pini ya ishirini na nne inayofuata inatua kwenye inchi 12 barabara. Ikishapita kwa milimita 3, nunua nyengine. Ukichelewa itakula na sproketi, na badala ya kununua kimoja utanunua vitatu.

Fremu ya ukubwa gani itanifaa?

Njoo usimame juu yake. Miguu chini bapa, bomba la juu liwe chini yako kwa vidole viwili au vitatu. Tunazo kuanzia sentimita 49 hadi 58. Ukiagiza ukiwa mbali, simama ukutani bila viatu, weka kitabu katikati ya mapaja kwa juu, na mtu akupimie kutoka kitabu mpaka sakafuni. Tutumie namba hiyo. Urefu wako wa jumla hautusaidii sana, kuna warefu wenye miguu mifupi.

Naweza kumpakia mtu? Au ndoo ya samaki?

Mtu, hapana. Mzigo mdogo mgongoni, sawa. Kwa samaki kutoka Malindi, tunarudia: Phoenix.

Naishi Pemba. Mnaletaje?

Kwa boti mpaka Mkoani. Tunaifungua usukani, pedeli na gurudumu la mbele, tunaifunga kwa maboksi. Nauli ya mzigo ni yako na tunakutumia risiti. Ukiunganisha mwenyewe, kumbuka pedeli ya kushoto ina hesi ya kinyume. Krenki nyingi zimekufa kwa kulazimishwa pedeli ya kulia upande wa kushoto. Zina herufi kwenye ncha: R ni kulia, L ni kushoto.

Kulipa je? Na kipuri ambacho hamna?

Taslimu au pesa za simu. Vipuri vya kuagiza vinatoka China na Taiwan, unalipa nusu, na nusu ukikiona mkononi. Tarehe ya kufika hatuahidi. Tuliwahi kuahidi, meli ikachelewa wiki tano, na mteja akaja kukaa kibarazani kwetu kila siku alasiri mpaka tukazoeana. Siku hizi tunasema "inshaallah" na tunamaanisha hivyo.

Bei hatuziandiki humu kwa sababu kila mzigo unakuja na bei yake. Piga simu, utaambiwa ya siku hiyo.

Mnapunguza?

Kidogo, kwenye baskeli nzima. Kwenye habu na sproketi hatupunguzi, faida yake yenyewe haifiki chai na chapati.

Dhamana?

Fremu mwaka mmoja, ikipasuka kwenye kiungo tunabadilisha. Habu miezi sita. Tairi, tyubu na cheni havina dhamana, hivyo ni vya kuliwa. Baada ya wiki mbili za mwanzo rudi na baskeli, tukaze tena spoki na nati zote bure. Spoki mpya hulegea zikishakaa, na huu ni ukaguzi muhimu kuliko wote. Nusu ya wateja hawarudi, kisha wanakuja mwezi wa tatu na gurudumu lililopinda kama kangaja lililokaliwa.

Mnafungua saa ngapi?

Saa tatu asubuhi mpaka kumi na moja jioni. Ijumaa tunafunga saa tano na kurudi saa tisa. Ramadhani tunafungua baada ya tarawehe mpaka saa sita usiku, na mara nyingi huwa kuna kahawa. Jumapili tumefunga, ila ukituona tumekaa kibarazani na gurudumu magotini, karibu tu.